Trekta kuukuu likigoma kuwaka, fundi asianzie kwenye pampu

KILA mwaka mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, simu za wenye matrekta huanza kulia kabla ya alfajiri. Mkulima huyu anataka kulimiwa leo, jirani yake kesho, na yule wa ng'ambo ya mto ameshatoa malipo ya awali. Ni wakati huo huo ambapo trekta lililolima vizuri tangu asubuhi huzimwa saa saba mchana ili dereva apate chakula, na likitakiwa kuwashwa tena linagoma. Stata inazunguka, betri inachoka, moshi hauonekani, na wakulima waliokaa chini ya mti wanaanza kuhesabu siku.

Kinachofuata kinajulikana vijijini kote. Dereva anampigia fundi. Fundi anafika jioni kwa pikipiki, analegeza nati mbili tatu, anatikisa kichwa na kutangaza kuwa pampu ya nozeli imekufa. Pampu inafunguliwa, inatiwa kwenye mfuko wa salfeti na kusafirishwa mjini kwa basi. Inarudi baada ya siku nne au tano, inafungwa, na si ajabu trekta likaendelea kugoma, kwa sababu kilichokuwa kibovu tangu mwanzo ni washa ya shaba kwenye filta ya dizeli, kitu cha bei ya soda.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni mdogo. Kinachoua msimu ni utaratibu wa kuutafuta, ambao umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Unaanzia kwenye kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote na kumalizikia kwenye kile ambacho kukikagua hakugharimu hata senti.

Trekta kuukuu linalozungumziwa hapa si la makumbusho. Katika wilaya kama Karatu, Babati na Hanang, na katika mabonde ya Morogoro na Mbeya, bado yapo Massey Ferguson 35 na 135 yanayolima kwa kukodishwa. Modeli ya 135 ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Huko Ulaya trekta la namna hiyo siku hizi hupakwa rangi upya na kupelekwa kwenye maonyesho mwisho wa wiki. Huku linasomesha watoto.

Sababu ya kuendelea kuishi kwake ni injini. Nyingi ya 135 za dizeli zina Perkins ya silinda tatu, yenye ukubwa wa lita 2.5 na nguvu ya farasi 45 hivi. Injini hiyo hiyo iliendelea kufungwa kwenye Massey Ferguson 240, na viwanda vya Pakistan na India vikaendelea kuunda matrekta ya ukoo huo miaka mingi baada ya 135 kuachwa Uingereza. Ndiyo maana ringi, gasketi, nozeli na filta zake zinapatikana madukani hadi leo, ingawa ubora wake unatofautiana kama mchele. Mwenye trekta hili hana tatizo la kukosa spea. Tatizo lake ni kununua spea asiyoihitaji.

Hesabu yake si ngumu. Mfano: trekta linalima ekari sita kwa siku kwa Sh60,000 kwa ekari, sawa na Sh360,000. Dizeli lita 36 kwa Sh3,000 ni Sh108,000, na dereva na msaidizi wake wachukue Sh40,000. Kinachobaki ni Sh212,000 kabla ya kutenga fedha za matengenezo. Bei hizi ni za mfano tu na kila mtu aweke za kwake, lakini kwa hesabu hiyo siku tano za kusubiri pampu irudi kutoka mjini ni zaidi ya Sh1,000,000 zilizopotea, na gharama ya pampu yenyewe bado haijaguswa.

Hasara ya mwenye trekta ni nusu tu ya habari. Majaribio ya mahindi yaliyofanywa Kitale, Kenya, katika miaka ya 1960 yalionyesha kuwa tarehe ya kupanda ina uzito mkubwa katika mavuno, na kwamba anayechelewa kupanda baada ya mvua kuanza hupunguza mavuno yake hata kama atanunua mbolea. Trekta moja likisimama siku tano, wakulima ishirini au thelathini waliokuwa kwenye foleni wanapanda kwa kuchelewa. Hawa hawana risiti ya kumdai mtu yeyote. Hasara yao inaonekana ghalani mwezi wa sita au wa saba, na kwa wakati huo hakuna anayekumbuka habari za washa.

Fundi anayejua kazi yake hashiki spana kwanza, anauliza. Je, trekta lilizimwa na dereva, au lilijizima lenyewe likiwa kazini? Kabla ya kuzimika lilikuwa linapoteza nguvu? Dizeli iliwekwa lini, na ilitoka kituoni au kwenye madumu? Majibu ya maswali haya yanapunguza kazi kwa nusu. Trekta lililojizima lenyewe karibu kila mara lina shida kwenye njia ya mafuta. Lililozimwa na dereva likiwa na nguvu zake zote, kisha likakataa kuwaka, lina uwezekano wa mambo mengine: waya, stata, kebo ya kuzimia, au joto.

Baada ya maswali ni kusikiliza stata. Ama haizunguki kabisa, ama inazunguka kwa uvivu, ama inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Haya ni magonjwa matatu tofauti, na kosa la kawaida ni kuyatibu yote kwa dawa moja.

Stata isiyotoa hata mlio haina uhusiano wowote na mafuta. Matrekta haya yana kinga inayozuia stata kufanya kazi trekta likiwa kwenye gia. Kwenye 35 gia hupelekwa kwenye alama ya S ndipo liwashwe, na kwenye 135 ule mkono wa gia kubwa na ndogo sharti uwe katikati. Swichi ya kinga hiyo ikichakaa, au waya wake ukichomoka, trekta huwa kimya. Wengi wameamua kuikata kabisa na kuwashia kwa kugusisha bisibisi kwenye vichwa vya stata. Dereva anasimama chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, anagusisha, na trekta lililosahaulika kwenye gia linawaka na kumpanda palepale. Watu wameuawa hivyo, wengine mbele ya watoto wao. Swichi ni kitu cha bei ndogo, na mwajiri anayemtuma kijana wa watu kuwasha kwa bisibisi ajue anachokifanya.

Stata inayozunguka kwa uvivu ni kesi ya umeme, lakini watu huikimbiza kwenye mafuta. Dizeli haina cheche ya kuiwasha. Huwashwa na joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Pistoni ikipanda polepole, hewa hupata nafasi ya kuvuja kando ya ringi na joto lake kunyonywa na chuma, hivyo mafuta yanaingia na hayawaki. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.6. Ikiwa wakati stata inazunguka inashuka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Asiye na mita atumie mkono: baada ya kujaribu kuwasha kwa sekunde kumi, aguse vichwa vya betri, mwisho wa waya mkubwa kwenye stata, na mahali waya wa ethi unapofungwa kwenye chuma. Palipo na moto ndipo penye kutu au nati iliyolegea. Waya wa ethi ndio unaosahaulika zaidi, kwa kuwa umefungwa kwenye chuma kilichopakwa rangi, matope na grisi ya miaka hamsini. Ukwanguliwe ung'ae, ufungwe upya, na betri nyingi zilizohukumiwa kifo zitaonekana kuwa nzima.

Kuna stata inayozunguka vizuri asubuhi na kwa uvivu mchana. Bushi zake zimekwisha, na ikipata moto sehemu ya ndani inasugua ukuta. Fundi wa umeme hubadilisha bushi kwa nusu siku.

Aina ya tatu ndiyo yenye mambo mengi: stata inazunguka kwa kasi, injini haishiki. Hapo jicho liende kwenye bomba la moshi. Moshi mweupe maana yake mafuta yanafika lakini hayawaki vizuri, na maelezo huwa ni baridi, mgandamizo mdogo au muda wa pampu uliohama. Moshi mweusi ni mafuta mengi na hewa kidogo, hivyo kisafisha hewa chenye oili kifunguliwe, kwani huenda kimejaa tope. Kama hakuna moshi kabisa, mafuta hayafiki kwenye silinda, na bado si wakati wa kuigusa pampu.

Kitu cha kwanza ni kebo ya kuzimia. Kwenye matrekta haya injini huzimwa kwa kuvuta kitufe kinachofunga mafuta kwenye pampu. Kebo ikishika kutu ndani ya ala yake, dereva anasukuma kitufe na kukiona kimerudi, kumbe kijimkono kilichoko kwenye pampu hakijarudi. Fundi asiamini kitufe. Aende kwenye pampu yenyewe, akisukume kijimkono kwa kidole, kisha stata ijaribiwe. Kuna pampu zilizosafirishwa hadi mjini na kurudi kwa sababu ya kebo hii.

Cha pili ni kifuniko cha tenki. Kina kitundu cha kupitisha hewa, na kitundu hicho kikizibwa na vumbi na grisi, mafuta yanapopungua hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Trekta linalima nusu saa, linadhoofu, linazimika. Likipumzika linawaka tena, halafu mchezo unarudiwa. Kifuniko kikilegezwa na kusikika mlio wa hewa ikinyonywa, ugonjwa umepatikana. Kuna dereva mmoja mmoja ambaye huziba kitundu hicho kwa makusudi ili dizeli isirukie nje kwenye mabonde, na kisha kushangaa.

Cha tatu ni kuona kama mafuta yanatiririka. Tenki la 135 liko juu ya injini, kwa hiyo dizeli inashuka kwa uzito wake. Bomba likifunguliwa mahali linapoingia kwenye pampu ndogo ya kuvuta mafuta, iliyoko ubavuni mwa injini, na koki ikiwa wazi, dizeli itoke kwa mkondo mnene usiokatika. Ikidondoka matone, kizibo kiko juu: koki, wavu mdogo ndani ya tenki, kutu, au jani lililoingia na dumu. Kazi hii ni ya dakika tano na spana moja. Spana iwe ya inchi, kwa kuwa matrekta haya ya Uingereza yalifungwa kwa vipimo vya inchi, na spana ya milimita inayokaribia kutosha ndiyo inayokula pembe za nati mpaka ifunguliwe kwa patasi.

Mafuta yakitiririka vizuri, adui anayebaki ni hewa. Hewa huingia tenki likikauka, filta ikibadilishwa, au trekta likilima mteremko likiwa na robo tenki. Huingia pia pale njia inapoziba nusu, kwani pampu ndogo huvuta kwa nguvu zaidi na kunyonya hewa kwenye kiungo kilicholegea ambacho hata hakivujishi mafuta nje. Dizeli yenye mapovu haipandishi shinikizo la kufungua nozeli.

Kuitoa kuna mpangilio wake, na mpangilio ndio kazi yenyewe. Koki ifunguliwe na tenki liwe na mafuta ya kutosha. Skrubu ya juu ya filta ilegezwe, na mkono mdogo wa pampu ya kuvuta mafuta upampiwe mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha skrubu ifungwe wakati mafuta yakiendelea kutoka. Mkono huo ukiwa mwepesi na haupampi kitu, pampu si mbovu. Injini imesimama mahali ambapo imeshaisukuma pampu hadi mwisho, hivyo izungushwe mzunguko mmoja na mkono utapata uzito wake. Baada ya filta ni skrubu ya chini kwenye pampu ya nozeli, kisha ile ya juu kwenye kifuniko chake. Mwisho, nati za mabomba mawili kwenye nozeli zilegezwe, mkono wa mafuta ufunguliwe wote, na stata izungushwe hadi dizeli ionekane kwenye nati hizo. Zikikazwa, injini hushika. Hakuna mtu anayepaswa kuweka kiganja mbele ya nozeli au bomba lake wakati injini inazungushwa: dizeli inayotoka kwa shinikizo lile hupenya ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana kama tundu dogo linaweza kuondoa kidole.

Washa za shaba zilizotajwa mwanzo zina siri yake. Washa iliyokwisha kubanwa hukakamaa na haizibi tena. Iliyo bora ni mpya, lakini ya zamani ikichomwa hadi iwe nyekundu na kupoozwa hulainika na kuweza kutumika. Mafundi wazee wanalijua hili. Vijana wengi hufungia uzi na gundi.

Pampu ya nozeli inakuja baada ya hayo yote, na ina dalili yake inayoitambulisha. Ni trekta linalowaka kirahisi asubuhi likiwa baridi, linalima bila tatizo, lakini likizimwa likiwa moto haliwaki mpaka lipoe saa nzima au mbili. Ndani ya pampu hizi za kuzunguka, ambazo kwa Massey nyingi ni za CAV, kuna kichwa na mhimili vilivyosagwa kukaribiana kwa kiwango ambacho unywele hauwezi kupita. Vikilika, dizeli nzito ya asubuhi bado inaziba pengo. Ya mchana, iliyopata moto na kuwa nyepesi, inavuja humo humo kabla shinikizo halijafika kwenye nozeli, hasa kwa kasi ndogo ya stata. Jaribio lake ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, pampu ifunikwe kitambaa kilicholowa maji baridi na kuachwa ipoe. Trekta likiwaka baada ya hapo, pampu ndiyo mgonjwa, na safari ya mjini ni halali. Maji yasimwagwe juu ya pampu injini ikiwa inaunguruma, kwani chuma kikisinyaa ghafla kinaweza kung'ang'ana.

Wale wachache wenye Ferguson ndogo ya petroli, iliyotengenezwa kati ya 1946 na 1956, ugonjwa wao wa kugoma ikiwa moto mara nyingi ni koili au kondensa, na dawa ni kutazama kama cheche bado ipo kabla ya kupoa. Wachunge pia betri: mengi ya matrekta hayo yalifungwa waya chanya kuwa ethi, kinyume cha yanayoingia leo.

Jambo moja linastahili kukemewa bila kuzunguka, nalo ni tabia ya kumwaga petroli au kupuliza dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa. Injini huamka kwa kishindo, kila mtu hushangilia, na ringi na pistoni hupokea kipigo. Kwenye Perkins zenye kifaa cha kupasha moto kwenye njia ya hewa, kile kinachotumiwa asubuhi za baridi, mvuke huo unaweza kulipuka usoni mwa anayepuliza. Mbaya zaidi kibiashara, unaficha ugonjwa. Injini iliyo hai kwa dawa hiyo msimu mmoja inahitaji kufunguliwa yote msimu unaofuata.

Kwa nini basi pampu nyingi zimelika? Umri ni jibu mojawapo. Jibu jingine ni dizeli yenyewe, kwa sababu pampu hizi hazina oili ya kuzilainisha zaidi ya mafuta yanayopita ndani yake. Ile miaka ambayo neno uchakachuaji lilihama gereji na kuingia kwenye siasa, mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, na kuchanganya kulilipa. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Hatua hizo zilikuwa sahihi. Mafuta ya taa ni makavu kuliko dizeli, na pampu iliyoyanywa miaka hiyo inaweza kuwa bado inalipia. Lakini dizeli inayofika shambani ndani ya madumu, ikiwa na maji na mchanga, haihitaji mchakachuaji. Dumu likae usiku kucha bila kutikiswa, mafuta yamiminwe kwa kitambaa, na lita ya mwisho iachwe chini. Gharama yake ni hiyo lita.

Suala la mafundi nalo haliwezi kuachwa. Kwa utaratibu uliopo, fundi analipwa kwa kufungua na kufunga, na mara nyingine hupata chochote kidogo dukani kwa spea iliyonunuliwa kupitia kwake. Anayegundua kebo iliyoshika kutu kwa dakika kumi anaambiwa "umefanya nini cha kulipwa hela yote hiyo?" Anayeshusha pampu nzima analipwa bila ubishi, tena anashukuriwa. Mfumo huo unamlipa mtu kwa kutoona ugonjwa mdogo. Wenye matrekta wangepata nafuu kama wangekubaliana na fundi ada ya ukaguzi inayolipwa iwe kilichopatikana ni washa au ni pampu, na kumtaka aonyeshe alichojaribu kabla ya kuruhusu kifaa chochote kipande basi. Mafundi wazuri hawatakataa. Wanaokataa wamejieleza.

Serikali na halmashauri zina sehemu yao, na kwa miaka mingi imekuwa ikiangaliwa kwa jicho la ununuzi tu. Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009, matrekta kutoka India yaliuzwa kupitia SUMA JKT, na baadaye yakaja ya URSUS ya Poland yaliyounganishwa Kibaha. Hakuna ubaya kuongeza matrekta. Lakini trekta jipya la mwaka ule leo nalo ni kuukuu, na litagoma mchana kama babu yake. Nchi hii ilishaona picha hiyo. Mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947 ulileta matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuvuta majembe, na haukupita muda sehemu kubwa ikawa imesimama kwa kukosa spea, mafundi na madereva waliofundishwa. Ukame na udongo mgumu vilichangia, na mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Kinachohitajika wilayani ni kidogo kuliko trekta moja jipya. Mashine ya kupimia pampu na nozeli, ikiwekwa mahali ambapo wilaya mbili tatu zinaweza kufika kwa siku moja, ingefupisha siku tano kuwa moja. VETA na CAMARTEC ya Arusha wana uwezo wa kuandaa mafunzo ya wiki moja ya madereva yanayohusu njia ya mafuta na umeme tu, bila kumgeuza dereva kuwa fundi. Vyama vya msingi vya ushirika vinavyokusanya makato ya wakulima vingeweza kuagiza filta na washa kwa jumla kabla ya msimu, kwa kuwa injini ni ya aina moja na mahitaji yanajulikana.

Kwa mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka, kama Dodoma, Singida na Mbeya, kazi hiyo ni ya Oktoba. Tenki litolewe maji na tope la chini, filta iwe mpya na washa zake, vichwa vya betri na ethi vikwanguliwe, kebo ya kuzimia itiwe oili. Kisha trekta lipelekwe shambani kufanya kazi ya kweli kwa saa mbili mpaka lishike moto, lizimwe dakika ishirini, na liwashwe tena. Likigoma siku hiyo, basi la mjini lina nafasi na fundi wa pampu bado hana foleni.